Mgeni Apewe Chumba, Asipewe Nyumba

Mtu aingiaye katika ofisi ya serikali, iwe wilayani Geita au wilayani Kishapu, hukutana na vitu vitatu kabla hajamwona mwenye madaraka yoyote. Kuna meza ya mapokezi, ambapo huulizwa atokako na anakokwenda. Kuna kitabu cha wageni, ambamo huandika jina, tarehe, shida iliyomleta na sahihi yake. Tena, ukutani, kuna sanduku la maoni lenye kufuli: kila mtu aweza kutumbukiza barua yake, lakini hakuna apitaye awezaye kuchungulia barua ya mwenziwe. Nyuma ya hayo yote iko masijala, ambamo majalada ya wazi yana mahali pake na majalada ya siri yana mahali pake, na karani ajua nani apewe jalada lipi, kwa muda gani, na lirudi lini.

Utaratibu huo ni wa zamani kuliko kompyuta, na wananchi wameuzoea. La kushangaza ni kwamba ofisi na taasisi nyingi, zihamishapo kumbukumbu zao kutoka kwenye karatasi na kuziweka katika seva, huuacha utaratibu huo mlangoni. Baadhi huifunga seva kabisa, asiingie mtu yeyote wa nje. Nyingine humpa kila aombaye neno moja la siri, lile lile atumialo mkuu wa idara. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba njia zote mbili zina makosa, kwamba ipo njia ya tatu iliyo rahisi, na kwamba katika ukanda wa migodi wa Shinyanga na Geita jambo hili haliwahusu mafundi peke yao. Lahusu maji ya kunywa.

Kisa cha faili tatu

Miaka kadhaa iliyopita, mimi na wanafunzi wangu tulipima maji ya visima katika vijiji vilivyo kati ya Kahama na Geita, ambako wachimbaji wadogo husaga mawe kwa makarasha na kuikamata dhahabu kwa zebaki. Tulitafuta zebaki hiyo, na pia aseniki, ambayo hupatikana katika miamba mingi yenye dhahabu. Kila mwezi sampuli zilikwenda maabara, na kila mwezi matokeo yaliwekwa katika seva ya taasisi moja tuliyoshirikiana nayo. Tulioitumia seva hiyo tulikuwa kama watu kumi na wawili: wahadhiri, wanafunzi, maofisa wa ofisi mbalimbali na wageni waliokuja kwa wiki moja kisha wakaondoka. Sote tulitumia jina moja na neno moja la siri, ambalo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni mwa kioo cha kompyuta.

Siku moja tulizifungua faili za miezi mitatu ya kiangazi, tukakuta ndani yake takwimu za masika. Mtu fulani, bila shaka kwa nia njema, alikuwa ameweka faili mpya zenye majina yale yale ya zamani, na zile mpya zikazifuta za kwanza. Je, nani? Kumbukumbu za seva zilionyesha kwamba aliyefanya hivyo ni yule yule aliyefanya kila jambo tangu mwanzo, maana sote tulikuwa na jina moja. Nakala ya akiba haikuwapo. Kiangazi ndicho kipindi ambacho maji hupungua visimani, na watu hulazimika kuyachota hata katika madimbwi yaliyo karibu na mialo. Hivyo tulipoteza sehemu ile ile tuliyoihitaji zaidi.

Nilipokwenda kutoa taarifa kijijini, mwenyekiti wa kitongoji kimoja, mzee mtulivu, alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniuliza: “Sasa mwalimu, maji haya tuyanywe au tusiyanywe?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma ng'ambo miaka mingi na kurudi na shahada ya udaktari, nikashindwa na swali la mstari mmoja kwa sababu ya neno moja la siri.

Asili ya njia hii

Kuhamisha faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine ni miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za mitandao. Mnamo Aprili 1971, Abhay Bhushan, mzaliwa wa India aliyekuwa akisoma katika chuo cha MIT nchini Marekani, aliandika itifaki ya kwanza ya kazi hiyo, yaani makubaliano ya jinsi kompyuta mbili zitakavyosalimiana, zitakavyotambuana na kupeana faili. Itifaki hiyo, ijulikanayo kwa herufi zake FTP, ilirekebishwa mara kadhaa, na mnamo Oktoba 1985 ikapata umbo ambalo limedumu kwa miongo mingi.

Mapema sana watumiaji wa FTP walitambua kwamba si kila ajaye ni mwenyeji. Ikazuka desturi ya kumwachia mlango mgeni asiye na jina: mtu yeyote aliweza kuingia kwa jina la jumla, na badala ya neno la siri akaandika anwani yake kwa heshima tu. Kwa njia hiyo vyuo vikuu vya dunia viligawiana programu na makala kabla ya kurasa za tovuti kujulikana. Lakini mgeni huyo hakuruhusiwa kuzunguka nyumba nzima. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mfumo wa Unix ulikuwa na amri inayoweza kumfanya mtumiaji aione folda moja kana kwamba ndiyo dunia nzima. Juu yake haoni kitu, na kando yake haoni kitu. Hajui hata kama nyumba ina vyumba vingine.

Kasoro kubwa ya FTP ilikuwa nyingine. Jina na neno la siri vilipita njiani vikiwa wazi, mithili ya barua isiyotiwa katika bahasha, na mtu yeyote aliyejipenyeza katika mtandao aliweza kuvisoma. Mwaka 1995 maneno ya siri yalidukuliwa kwa namna hiyo katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Finland. Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo hicho, akabuni SSH, itifaki inayoyafunga mazungumzo yote kwa hesabu za usimbaji fiche. Juu ya msingi huo ikajengwa SFTP, njia ya kuhamishia faili ambayo leo ndiyo ifaayo. Tangu mwaka 2008, programu ya OpenSSH, ambayo haiuzwi na imo katika seva nyingi duniani, imekuwa na uwezo wa kumwekea mgeni mipaka ya folda moja bila kuongeza programu nyingine yoyote.

Chumba cha mgeni hujengwaje?

Msomaji asiye fundi asiogope, kwani hesabu yenyewe ni ya darasa la kwanza. Katika mifumo ya jamii ya Unix, kila folda ina aina tatu za watu: mwenyewe, kikundi chake, na watu wengine. Kila aina yaweza kupewa haki tatu: kusoma, ambayo thamani yake ni 4, kuandika, ambayo thamani yake ni 2, na kupita, ambayo thamani yake ni 1. Haki hujumlishwa. Aliye na 7 aweza yote. Aliye na 5 aweza kusoma na kupita, lakini hawezi kubadili kitu. Aliye na 3 aweza kupita na kuweka kitu ndani ya folda, lakini hawezi kuona orodha ya vilivyomo.

Hapa ndipo lile sanduku la maoni linaporejea. Folda ambayo mgeni ana 3 ni sanduku lenye tundu, na folda ambayo ana 5 ni ubao wa matangazo wenye kioo. Hata hivyo, sanduku hilo lina udhaifu mmoja: anayelijua au kulibahatisha jina la faili aweza bado kulifikia. Ndiyo maana yafaa kila mgeni awe na sanduku lake, na karani wa seva ayaondoe yaliyomo mara kwa mara na kuyapeleka masijala, yaani katika folda ambayo mgeni haifikii kabisa.

Kwa muhtasari, chumba cha mgeni chahitaji mambo sita. Kwanza, kila mgeni awe na jina lake mwenyewe, asishiriki na mwingine. Pili, aingie kwa SFTP wala si kwa FTP ya zamani, na ikiwezekana atumie jozi ya funguo badala ya neno la siri, maana ufunguo haubandikwi pembeni mwa kioo. Tatu, afungiwe katika folda moja. Folda hiyo ya juu iwe mali ya msimamizi wa mfumo, na mtu mwingine asiwe na haki ya kuandika ndani yake. OpenSSH yenyewe hukataa kumwingiza mgeni iwapo sharti hilo halikutimizwa. Ndani yake ndimo ziwekwe folda mbili, moja ya kusoma na moja ya kuweka. Nne, mgeni asipewe uwezo wa kuendesha amri nyingine katika seva. Yeye amekuja kwa faili, na faili zamtosha. Tano, kila kibali kiwe na tarehe ya kwisha. Mwanafunzi akimaliza utafiti, ufunguo wake ufe siku hiyo hiyo. Sita, kitabu cha wageni kitunzwe: nani aliingia, saa ngapi, alichukua nini, aliweka nini. Zaidi ya hayo, pawepo nakala ya akiba katika mashine nyingine, kwa kuwa hakuna kufuli limzuialo mwenyeji kukosea.

Kama mambo hayo yangalitimizwa katika kisa changu, yule aliyeleta faili za masika angaliziweka katika sanduku lake, na zile za kiangazi zisingaliguswa.

Kwa nini hapa, na kwa nini sasa?

Ukanda huu umeishi na migogoro ya takwimu kwa muda mrefu. Machi 2017 serikali ilizuia kusafirisha nje makinikia, yaliyotoka katika migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, na kamati ya wataalamu ikachunguza makontena yaliyokuwa bandarini Dar es Salaam. Ripoti yake ya Mei mwaka huo ilitofautiana mno na hesabu za kampuni kuhusu kiasi cha dhahabu kilichokuwamo, na mgogoro ulikwisha kwa makubaliano yaliyotiwa sahihi Januari 2020. Sikusudii hapa kuamua nani alipima sawasawa. Nasema tu kwamba pasipokuwa na mahali ambapo pande zote huweka vipimo vyao mapema, kwa tarehe na kwa jina, bila mmoja kuweza kubadili cha mwenziwe, kila kipimo huja kimechelewa na huja kama shahidi wa upande mmoja.

Tarehe 7 Novemba 2022, bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson huko Mwadui, wilayani Kishapu, lilipasuka, na tope likaenea katika mashamba na makazi. Baada ya tukio la namna hiyo watu wengi huhitaji takwimu kwa wakati mmoja: wakaguzi, halmashauri, watafiti, mafundi wa mgodi, na wanavijiji ambao mashamba yao yamefunikwa. Kila mmoja ana haki yake, lakini haki hizo hazilingani. Mkaguzi ahitaji vipimo vyote vya ukuta wa bwawa. Mwanakijiji ahitaji kujua maji na udongo wake vina nini. Fidia ya jirani yake haimhusu. Huwezi kuwahudumia wote kwa ufunguo mmoja, wala huwezi kuwafungia wote nje.

Sheria zetu nazo zatudai jambo hilo hilo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 yampa mwananchi njia ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yataka habari za mtu zilindwe. Wapo wasemao kwamba sheria hizo mbili zapingana. Kwa maoni yangu hazipingani. Ni kuta mbili za chumba kimoja, na chumba hicho ndicho hiki cha mgeni.

Mfano ulio wazi ni wa zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na moja ya shabaha za mkataba huo ni kupunguza zebaki katika uchimbaji mdogo wa dhahabu. Atakaye kujua kama juhudi hizo zafanikiwa hana budi kupima mkojo wa wachomaji wa zebaki huko Rwamagasa au Nyarugusu, na kupima samaki na udongo. Matokeo ya udongo na samaki yafaa yawe wazi kwa kila mtu. Matokeo ya mkojo yenye majina ni siri ya mgonjwa na tabibu wake. Wala haitoshi kufuta majina. Katika kitongoji chenye wenye makarasha wanne, ukiandika kwamba mmoja mwenye umri wa miaka hamsini na mbili ana zebaki nyingi, umekwisha kumtaja. Kwa hiyo ubao wa mgeni uwe na hesabu za kata, si za mtu mmoja mmoja.

Pingamizi tatu

Kuna wasemao: watu wamekwisha kuzoea kutumiana faili kwa simu na kubeba flashi ndani ya basi, ya nini kujisumbua? Jibu ni kwamba faili iliyotumwa katika kundi la WhatsApp huzaa nakala arobaini, na baada ya mwezi hakuna ajuaye ipi ndiyo ya mwisho. Flashi nayo huleta virusi pamoja na takwimu, na ikipotea kituoni, haina kitabu cha wageni cha kutueleza nani kaiokota.

Wengine wasema: hatuna fedha. Programu zenyewe hazilipiwi, na kompyuta ya kawaida yatosha kuwa seva ya wilaya. Kinachogharimu ni mtu, yaani karani wa seva mwenye kazi hiyo rasmi, mwenye mwongozo ulioandikwa, na mwenye msaidizi ajuaye kazi asipokuwapo. Ofisi zetu hazijapata kusema kwamba hazimudu karani wa masijala. Basi zisiseme hivyo leo, wakati masijala imebadilika umbo tu.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nami nakiri uzito wake: mwanakijiji hana kompyuta, na hata akiwa nayo, hataisoma jedwali ya maabara. Ni kweli. Lakini ofisa mtendaji wa kata ana simu, mwalimu wa sayansi wa sekondari ya kata aijua jedwali, na zahanati ina ukuta. Wapeni hao watatu chumba cha mgeni, na matokeo yachapwe kwa Kiswahili chepesi, kisima kwa kisima, yabandikwe ukutani. Mlango uliofunguliwa kwa mtu mmoja mwaminifu waweza kuwafaa watu elfu. Tena kanuni iwe hii: takwimu zilizotoka katika kisima cha kijiji zirudi kijijini kabla hazijasomwa katika mkutano wa ng'ambo.

Wenyeji wa Shinyanga hawahitaji kufundishwa falsafa ya jambo hili. Tangu zamani Wasukuma wana ngitili, eneo la malisho lifungwalo wakati wa mvua ili majani yakue, kisha likafunguliwa kiangazi kwa utaratibu uliokubaliwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 na kuendelea hadi 2004, ulirudisha miti katika ardhi iliyokuwa karibu kuwa jangwa kwa kuufufua utaratibu huo huo. Ngitili isiyofunguliwa kamwe haimnufaishi mfugaji, na isiyofungwa kamwe haidumu msimu mmoja. Takwimu zetu za maji, za tope na za zebaki zataka kutunzwa vivyo hivyo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji mwenye busara humwonyesha mgeni chumba chake, kisima kilipo na njia ya kutokea. Hamkabidhi funguo za ghala. Nazisihi taasisi za utafiti, halmashauri na migodi ya ukanda huu zitenge, kabla ya kiangazi kijacho, chumba kimoja cha mgeni kila moja, zikiandika nani aingie na aone nini. Wanafunzi wangu wamekwisha kuanza kupima upya. Safari hii kila mmoja ana jina lake na ufunguo wake, na nakala ya akiba ipo katika mashine nyingine. Yule mzee bado angoja jibu, na safari hii sitaki kwenda kwake mikono mitupu.